Sheria za nyumbani kwenye D&D: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila kundi jipya la mchezo wa kuigiza wahusika kwa dadu uitwao Dungeons & Dragons likianza, maswali ni yale yale, na mara nyingi yanajibiwa kwa kelele saa sita usiku, mhusika wa mtu akiwa chini anavuja damu. Hapa yamejibiwa kwa utulivu. Mifano mingi ni ya toleo la tano, la 2014 na marekebisho yake ya 2024, kwa sababu ndilo wengi wanalolicheza. DM ni yule anayeendesha mchezo.

Sheria za nyumbani ni zipi hasa?

Ni kanuni yoyote mnayoifuata mezani kwenu ambayo kitabu hakina, au kitabu kinasema vingine. Aliyewahi kucheza kadi Nairobi anaijua hali hii: karata ya 2 inakuokotesha karata mbili, lakini je, unaruhusiwa kujibu kwa 2 yako na kumsukumia anayefuata mzigo wote? Inategemea umekaa kwa nani. Tofauti ni kwamba kadi zinakwisha baada ya dakika chache, ila mhusika wa D&D unaweza kuishi naye miaka, kwa hiyo ugomvi wake hauishi kirahisi.

Msizichanganye na sheria za hiari. Kwenye vitabu vya 2014, vipaji vya ziada, kuchanganya fani mbili (yaani aina za mhusika, kama mpiganaji au mchawi) kwa mhusika mmoja, na faida ya kumzingira adui zote zimeandikwa, ila DM ndiye anayeamua kama zitatumika. Hizo ni za kitabu. Za nyumbani ni zile mlizozitunga au kuzisikia kwa watu.

Kubadilisha sheria si kuharibu mchezo?

Mchezo wenyewe ulizaliwa hivyo. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa D&D mwaka 1974 kilikuwa kisanduku chenye vijitabu vitatu, na mapengo yalikuwa mengi. Kwenye mapigano, kwa mfano, vilikutegemea uwe na kitabu kingine, Chainmail cha 1971, au utumie njia mbadala iliyoelezwa kwa kifupi. Aliyenunua kisanduku hicho akiwa mbali na waandishi alilazimika kuziba mapengo mwenyewe, na waandishi walimhimiza afanye hivyo: mwishoni mwa vijitabu walimwambia msomaji aamue anavyotaka mambo yawe, kisha ayafanye yawe hivyo.

Watu wakafanya. Fani ya mwizi, ambayo leo huwezi kuifikiria D&D bila yake, haikuwamo kwenye kisanduku cha kwanza. Ilianzia kwa wachezaji waliokuwa wakikusanyika kwenye duka la Aero Hobbies, Santa Monica, California. Gygax akaisikia kwa simu, akatengeneza toleo lake, na 1975 likaingia kwenye nyongeza iitwayo Greyhawk. Kule kule California, Steve Perrin alikusanya marekebisho yake ya mapigano mwaka 1976 yakajulikana kama Perrin Conventions. Miaka miwili baadaye jina lake lilikuwa kwenye mchezo mzima, RuneQuest, uliotolewa na Chaosium.

Gygax mwenyewe alikuja kugeuka. Alipokuwa anaandika Advanced D&D mwishoni mwa miaka ya 1970 alitaka mtu atoke meza moja aende nyingine akute mchezo ule ule, na akawa mkali kwa waliokuwa wanaongeza vya kwao. Ukiniuliza, alikuwa na haki mara zote mbili. Mwaka 1974 alikuwa na wachezaji wachache waliozoea kujitungia. Kufikia 1979 alikuwa na mashindano ya kuendesha na mezani wamekaa watu wasiojuana.

Kuna sheria ya nyumbani iliyowahi kuwa sheria ya kitabu?

Nyingi. Pigo la hatari, yaani ukipata 20 kavu (dadu ya pande 20 yenyewe ikionyesha 20) unaumiza zaidi, lilikuwamo kwenye Empire of the Petal Throne ya 1975. Gygax akalipinga waziwazi kwenye kitabu cha DM cha 1979, lakini watu hawakumsikiliza hata kidogo, na toleo la tatu la mwaka 2000 likaliweka kwenye kanuni za msingi. Leo ukiliondoa, wachezaji wataondoka nalo.

Mfano wa karibuni ni dawa ya uponyaji. Kwa kitabu cha 2014, kuinywa kunakula tendo lako zima la zamu ile. Makundi mengi yakaona si haki: umesubiri zamu yako robo saa, unakunywa chupa, unapona pointi 7 kwa wastani, adui anakupiga 9, na zamu imeisha. Wakaamua kuinywa iwe tendo la ziada, ili ubaki na nafasi ya kupiga. Vitabu vya 2024 vimekubali.

Basi faida yake kubwa ni hiyo, kurekebisha makosa ya waandishi?

Hiyo ni moja, na wala si kubwa. Faida kubwa ni kwamba waandishi hawajawahi kukaa nanyi. Hawajui kwamba mko watu saba na zamu zinachelewa, kwamba mnacheza kwa simu na mtandao unakatika, kwamba mmoja wenu ana miaka kumi na moja na hapendi mhusika wake afe, kwamba wote mnataka siasa za ikulu na hakuna anayetaka kupigana na panya. Kundi la watu saba likisema "zamu yako ikifika bila wewe kuwa tayari, unaahirishwa hadi mwisho wa raundi," limetatua tatizo ambalo kitabu hakiwezi kuliona.

Ndiyo maana sheria nzuri ya nyumbani huwa ina tatizo lake unaloweza kulitaja kwa sentensi moja. Ukiuliza "hii inatibu nini?" ukajibiwa "inanogesha," ongeza swali la pili: na nani atailipia?

Kulipia vipi? Ni mchezo tu.

Kila kanuni ya D&D imefungwa kwenye nyingine, na ukivuta uzi mmoja kuna mhusika mahali fulani atabaki uchi. Chukua hiyo hiyo dawa. Ikiwa tendo la ziada, anayefaidi zaidi ni yule ambaye matendo yake ya ziada yanalala bure, mchawi kwa mfano. Mwizi hafaidi sana, kwa sababu tendo lake la ziada tayari anajifichia nalo au anakimbilia nalo. Na kasisi aliyejifunza uchawi mdogo wa kuponya kwa neno moja anagundua kwamba kazi yake sasa inafanywa na chupa ya dhahabu 50. Si sababu ya kuikataa. Mimi naitumia na naipenda. Lakini ukiwa na kasisi mezani, mwambie kabla hajachagua uchawi wake. Na majambazi nao wana midomo: kama sheria ni ya wote, kiongozi wao anaruhusiwa kunywa na kupiga kwenye zamu moja. Wachezaji hushtuka sana siku ya kwanza wanapoona hilo.

Kwa nini watu wanagombana kuhusu 1 kavu?

Kwa sababu ndiyo sheria ya nyumbani inayopendwa zaidi na isiyofanyiwa hesabu. Kwa kitabu, ukipata 1 kwenye dadu ya pande 20 unakosa, basi. Mezani kwingi wanaongeza balaa: upanga unakudondoka, uzi wa upinde unakatika, au unamkata mwenzako mguu. Mara ya kwanza mnacheka mpaka machozi.

Sasa kaa na mpiganaji. Ngazi ya kwanza anashambulia mara moja kwa zamu, hivyo balaa linamkuta kwa asilimia 5. Ngazi ya 5 anashambulia mara mbili, na uwezekano wa angalau 1 moja unakaribia asilimia 10. Ngazi ya 11 ni mara tatu, asilimia 14. Ngazi ya 20, ambapo huyu ni bingwa anayeimbwa nchi nzima, anashambulia mara nne, na balaa limevuka asilimia 18. Yaani mpiganaji hodari kuliko wote duniani anadondosha upanga karibu kila zamu ya tano au ya sita, mara nyingi kuliko alivyokuwa siku aliyotoka kijijini. Kadiri anavyojua ndivyo anavyoaibika.

Upande wa pili wa meza mchawi anarusha mpira wa moto. Dadu wanarusha maadui, wanajaribu kujiokoa. Yeye hagusi ile ya pande 20 kabisa, kwa hiyo hana siku ya kujichoma ndevu. Fani ambayo kila mtu analalamika kwamba ina nguvu kupita kiasi ndiyo iliyosamehewa. (Fuatilia ni nani mezani anayeitetea sheria hii kwa nguvu. Mara nyingi ana fimbo na kofia yenye ncha.)

Wapo wanaoipunguza makali: balaa lihesabiwe kwa shambulio la kwanza la zamu tu, au 1 ya kwanza ifuatwe na dadu ya pili ya kuthibitisha. Hesabu inakaa sawa zaidi. Dawa bora kuliko zote ni DM kulisimulia kosa kwa namna ya kuchekesha, upanga ubaki mkononi na mchezo usonge.

Na pigo la hatari kali? Wengine wanahesabu dadu moja kwa thamani yake ya juu.

Hii inatoka kwenye uchungu wa kweli. Umepata 20 kavu, meza nzima imesimama, unarusha dadu zako mbili za maumivu zinatoka 1 na 2. Mvulana wa kijijini kwa ngumi angeumiza zaidi. Kwa hiyo watu wanasema: dadu moja ihesabiwe kamili, nyingine irushwe. Kwa upanga wa dadu ya pande 8 na nyongeza ya 3, wastani wa pigo la hatari unapanda kutoka 12 hadi 15.5, na chini kabisa unapata 12 badala ya 5. Safi.

Halafu anakuja orki. Orki wa vitabu vya 2014 ana shoka kubwa: dadu ya pande 12, ongeza 3. Mbele yake yuko mchawi wa ngazi ya kwanza mwenye pointi 8 za uhai, mzima wa afya. Kanuni ya kitabu inasema ukifika sifuri na maumivu yaliyobaki yakalingana na uhai wako wote au kuuzidi, umekufa papo hapo, hakuna kurusha dadu za kunusurika. Kwa huyu mchawi hiyo ni maumivu 16. Kwa kitabu, pigo la hatari la orki linafika 16 zaidi kidogo ya nusu ya mara zote. Kwa sheria yenu mpya, 12 kamili, ongeza 3, ongeza angalau 1: ni 16 kila mara. Kila 20 ya orki ni maziko.

Wachezaji huipigia kura sheria hii wakijiona wao ndio wenye upanga. Nenda kaangalie nani anarusha dadu nyingi zaidi kwa usiku mmoja: wao, au viumbe wote wa DM kwa pamoja. Na kiumbe wa DM alikuwa afe tu leo, ilhali mhusika wa mchezaji anatakiwa awepo wiki ijayo. Makundi mengine hutatua kwa kuwapa wachezaji peke yao, au kuianza kuanzia ngazi ya 3 watu wakiwa na nyama kidogo mwilini. Vyovyote, amueni mkijua.

Kumzingira adui?

Ni sheria ya hiari ya 2014: wawili mkisimama pande mbili zinazotazamana za adui, kila mmoja anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Aliyehitaji 11 kwenda juu anatoka asilimia 50 hadi 75. Ni zawadi kubwa mno kwa hatua mbili za miguu, na anayeumia ni mbabari (mpiganaji wa hasira, barbarian), ambaye fani yake inampa faida hiyo hiyo kwa sharti la kujiachia wazi apigwe kirahisi. Yeye analipa kwa damu, wengine wanapewa bure. Wengi tunaweka nyongeza ya 2 tu badala yake, sawa na asilimia 10, na mbabari anarudi kuwa na maana.

Uzito wa mizigo, kuhesabu mishale, chakula cha safari?

Karibu kila mtu anaviacha. Hakuna ubaya, isipokuwa kama hadithi yenu ni ya kuvuka jangwa. Hapo kuhesabu maji ndiyo hadithi yenyewe.

DM akiamua jambo katikati ya mchezo, hiyo tayari ni sheria?

Hapana. Mchezaji anauliza kama anaweza kuning'inia kwenye taa ya dari na kumpiga adui teke, kitabu hakijui, DM anasema rusha dadu ya wepesi, ukivuka 13 umefanikiwa. Huo ni uamuzi wa papo kwa hapo, na uzuri wake ni kwamba mchezo haukusimama. Unageuka sheria pale mtu anapouomba tena wiki inayofuata akisema "juzi uliniruhusu." Kwa hiyo mwisho wa kikao, mkiwa mnakusanya dadu, yaulizwe yale yaliyoamuliwa haraka haraka: hili linabaki au lilikuwa la leo tu?

DM akibadilisha matokeo ya dadu zake nyuma ya kikinga ili mtu asife, nayo ni sheria ya nyumbani?

Sheria ambayo mmoja tu anaijua si ya nyumba. Kama mnataka wahusika wasife ovyo, semeni wazi: mezani kwetu mhusika anakufa kwa ridhaa ya mwenyewe tu, akianguka anatekwa au anapoteza kitu. Mtashangaa jinsi dadu zinavyoweza kurushwa mbele ya macho ya watu bila hofu.

Tutangaze lini? Na tukitaka kubadilisha katikati?

Kabla mtu hajatengeneza mhusika. Watu huchagua fani kwa kusoma kanuni, na ukibadilisha baada ya hapo umemuuzia mtu kitu na kumpa kingine. Karatasi moja inatosha, tena fupi. Ikivuka ukurasa hakuna atakayeisoma. Kikao cha kwanza cha mazungumzo, kabla ya hadithi, ndipo pa kuyasema haya pamoja na mambo ambayo hamtaki yaguswe kwenye hadithi. Baadhi ya makundi huweka mezani ile kadi ya X ya John Stavropoulos: ukiigusa, kinachoendelea kinaachwa bila wewe kudaiwa maelezo.

Katikati ya safari mnaweza kubadilisha, lakini si katikati ya pambano, na aliyejenga mhusika wake juu ya kanuni ya zamani aruhusiwe kumjenga upya. Sheria mpya ipewe muda wa majaribio, tuseme vikao vitatu. Ikishindwa, ifutwe bila msiba.

Mmoja wetu hataki, wengine wote wanataka. Tupige kura?

Kura nzuri kwa kuchagua chakula. Hapa kwanza muulizeni anapoteza nini, kwa sababu mara nyingi anayekataa ndiye huyo atakayelipa: mpiganaji kwenye 1 kavu, mbabari kwenye kuzingira. Wanne walioshinda kura hawapotezi chochote, ndiyo maana kura yao ilikuwa rahisi.

Mimi ni DM mpya. Nianze na zipi?

Usianze na yoyote. Endesha vikao kadhaa kwa kitabu kilivyo. Kanuni nyingi zinazoonekana za kijinga ukizisoma zinaeleweka ukizicheza, na zile za kijinga kweli zitajitaja zenyewe.

Michezo mingine ya aina hii inavumilia mabadiliko namna hiyo hiyo?

Inategemea hesabu zake zimekazwa kiasi gani. Pathfinder toleo la pili, la 2019, linakupa pigo la hatari ukilivuka lengo kwa 10, kwa hiyo nyongeza ya 1 tu inakusogeza kwenye kupata na kwenye pigo la hatari kwa wakati mmoja. Anayegawa nyongeza ya 2 kwa sababu mchezaji amesimulia vizuri anagawa zaidi ya anavyofikiri. D&D ya tano imelegea kidogo na inasamehe.

Kwenye michezo ya hadhara je?

Kwenye Adventurers League, mpango rasmi wa D&D, mhusika wako anahama kutoka meza hadi meza, hivyo sheria za nyumbani hazina nafasi. Fuata kitabu na mwongozo wao.

Tunataka kutafsiri kanuni kwa Kiswahili na kuchapisha pamoja na sheria zetu. Tunaruhusiwa?

Kanuni za msingi ndiyo. Januari 2023 wachapishaji wa mchezo, Wizards of the Coast, waliiachia hati ya kanuni za msingi, SRD 5.1, kwa leseni ya Creative Commons ya kutaja chanzo, na mwaka 2025 ikafuata SRD 5.2 yenye kanuni mpya. Leseni hiyo inakuruhusu kutafsiri, kubadilisha, hata kuuza, mradi utaje ilikotoka na useme umebadilisha. Vitabu kamili, michoro yake, na maelezo ya viumbe maarufu kama beholder havimo. Sheria zenu ziwekeni kwenye ukurasa wake peke yake, mbali na zilizotafsiriwa, ili anayehamia meza nyingine ajue kipi kinatoka kitabuni na kipi kinatoka kwenu.